Kaa wa Kodera

Ukipanda matatu Kisumu kwenda Kisii, ukishavuka mto pale Sondu barabara huanza kupanda. Kando yake kina mama wa Kabondo wamepanga viazi vitamu kwa mafungu, na kabla abiria hajapatana bei na muuzaji kupitia dirishani, gari limeshaondoka na Oyugis inakaribia: soko, kelele za bodaboda, na njia inayoteremka hadi Kendu Bay ziwani. Ukiendelea kuelekea upande wa Wakisii, utaona kijani kizito cha msitu wa Kodera. Wengi hupita bila kugeuza shingo. Hawana sababu ya kujua kwamba jina hilo limeandikwa katika majarida ya tiba ya London na Geneva tangu kabla babu zao hawajaoa, na kwamba kilichoandikwa humo kinahusu nzi, mnyoo na kaa.

Nilianza kuifuatilia habari ya Kodera kwa sababu ya watoto wenye kifafa kikali, ile aina inayomshika mtoto angali mdogo na kumrudisha nyuma: aliyekuwa ameanza kutamka maneno akanyamaza, aliyekuwa akitembea akakaa. Swali langu lilikuwa moja. Mwili wa mtoto una askari wake, mfumo wa kinga, kazi yake ni kupigana na vijidudu. Je, askari hao wanaweza kugeuza silaha na kuupiga ubongo wa mtoto wanayemlinda? Sikutarajia swali hilo lingenirudisha kwenye vijito vinavyopita nyuma ya Oyugis.

Katika miaka ya 1940 mabonde ya Nyanza Kusini, wakati huo yakiitwa Kavirondo Kusini, yalikuwa na usubi. Huyu ni nzi mdogo mweusi, mwenye mgongo wa kibyongo, anayeuma mchana kwenye kivuli cha miti iliyo kandokando ya maji yaendayo kasi. Mkulima anayelima kando ya mto, mama anayechota maji, mtoto anayechunga mbuzi, wote walikuwa chakula chake. Akimuuma mtu, humwachia vijimnyoo vichanga vinavyokua ndani ya mwili na kujificha kwenye vinundu chini ya ngozi. Mnyoo jike mmoja anaweza kuishi humo kwa zaidi ya miaka 10, huku akizaa watoto wadogo mno, maelfu kwa maelfu, wanaotembea ndani ya ngozi na kuingia machoni. Ngozi huwasha hata mtu akajikuna kwa kigae. Kisha huwa kama ngozi ya mzee, iliyolegea na kukunjamana. Mwishowe macho hufunga.

Hapa pana jambo ambalo watu wengi hulisikia kwa mshangao. Vijimnyoo hivyo vikiwa hai machoni havileti ghasia kubwa. Balaa huja vikifa. Mzoga wa kijimnyoo ukiyeyuka, kinga ya mwili huamka, huja kwa hasira, huwasha moto pale pale penye kioo cha jicho, na kila moto huacha kovu. Miaka ikipita, makovu huungana na kuwa ukuta mweupe. Kwa hiyo kipofu wa mtoni hakupofushwa na mnyoo peke yake. Alipofushwa pia na walinzi wake mwenyewe. Msomaji aliweke hilo moyoni, maana tutalirudia tukifika kwenye ubongo.

Waliokwenda Kodera kupambana na usubi walikuwa P. C. C. Garnham, daktari aliyekuwa ametumikia idara ya tiba ya koloni la Kenya tangu miaka ya 1920, na J. P. McMahon, mtaalamu wa wadudu. Garnham ni yule ambaye mwaka 1948, akiwa amerudi London, alishirikiana na Henry Shortt kugundua kwamba vimelea vya malaria hujificha kwanza kwenye ini kabla ya kuingia kwenye damu. Lakini mwaka 1946 alikuwa bado na matope ya Nyanza kwenye viatu. Mkononi alikuwa na dawa mpya iliyotoka vitani, DDT, ambayo Paul Müller wa Uswisi alikuwa amegundua mwaka 1939 kwamba huua wadudu. Katika bonde jingine la Nyanza kulikuwa kumejaribiwa kufyeka vichaka vya kando ya mto ili kumnyima nzi kivuli, na nzi akatoweka. Lakini kufyeka ni kazi ya mikono mingi na miezi mingi. Kodera palijaribiwa dawa ndani ya maji.

Walikuwa na tatizo ambalo leo linaonekana kama kichekesho. Mabuu ya usubi, kama ya mbu, hukua majini. Wataalamu walijua mabuu ya usubi wa aina nyingine hushika mawe na majani yaliyozama. Lakini usubi wa Nyanza, Simulium neavei, aliyepewa jina la kitaalamu na Mfaransa Roubaud mwaka 1915, hakuna aliyewahi kuona buu lake. Watu walipindua mawe, wakachambua majani, wakakagua mizizi, wapi! Nzi walikuwa wengi hewani, lakini chimbuko lao halionekani. Garnham na McMahon waliamua kutosubiri. Kama mabuu yamo majini, dawa itayakuta huko huko yalikojificha. Wakatia DDT kwenye vijito tena na tena, ili hata mayai yatakayoanguliwa baadaye yakutane nayo. Leo mtu akimwaga DDT mtoni atakamatwa kabla debe halijaisha, na ni haki akamatwe. Wakati ule ni wachache waliokuwa wakihesabu samaki na ndege.

Nzi wakaisha. Walishinda vita bila kuijua kambi ya adui.

Kambi hiyo iligunduliwa mwaka 1950. McMahon na mwenzake van Someren ndio waliotangaza habari hiyo: mabuu ya usubi yule hayashiki jiwe wala jani, bali humpanda kaa. Kaa wa mtoni, wale wale ambao watoto wa kijijini huwavua kwa kuwatolea chambo cha nyama, walikuwa wamebeba mabuu kwenye magamba yao miaka yote. Buu hung'ang'ania mgongo wa kaa, kaa humtembeza penye maji safi yenye hewa, na likikomaa, nzi huruka kwenda kutafuta damu. Kila aliyekuwa akipindua jiwe alikuwa akimfukuza kaa aliye chini yake, na kwa kumfukuza kaa alikuwa akifukuza jibu. Habari kama hii ingemfurahisha mtunzi yeyote wa hadithi za sungura na fisi.

Kuanzia hapo kampeni ilienea bonde kwa bonde, kutoka Nyanza Kusini hadi misitu ya upande wa Kakamega na Kaimosi, na ilipofika katikati ya miaka ya 1950 usubi wa neavei alikuwa amekwisha Kenya. Alishindika kwa sababu ya udhaifu wake: hapendi jua, hapendi uwanda, haruki mbali na kivuli cha mto wake. Ukimmaliza bonde moja, jirani yake hawezi kuvuka nyika kuja kujaza nafasi. Kule Afrika ya Magharibi usubi wa aina nyingine, damnosum, huchukuliwa na upepo kwa mamia ya kilomita, na huko vita vilichukua miongo.

Mwaka 1967 Jarida la Shirika la Afya Duniani lilichapisha ripoti ya Roberts na wenzake waliorudi Kenya kupima watu miaka 9, 11 na 18 baada ya nzi kuondolewa. Walitaka kujua mnyoo anaishi muda gani ndani ya mtu asiyeumwa tena na nzi. Ripoti hiyo hunukuliwa mpaka leo kila anapotajwa umri wa mnyoo wa usubi: miaka kumi na kitu, labda 18, halafu mnyoo hufa kwa uzee, bila kuacha mrithi. Watoto waliozaliwa baada ya dawa walikua bila vinundu. Hakuna kidonge kilichotumika. Dawa ya ivermectin, ambayo mwaka 1987 iliahidiwa kutolewa bure, ilikuwa bado haijazaliwa.

Hesabu zote hizo zilikuwa za macho na ngozi. Daktari wa usubi alikata kipande kidogo cha ngozi, akakiweka majini, akahesabu vijimnyoo vinavyochomoza. Alipapasa vinundu kiunoni. Alimulika macho. Kifafa hakikuwa hesabu yake. Kwa Dholuo kifafa huitwa ndulme, na kwa muda mrefu ndulme hakikupelekwa kwa daktari wa macho wala wa ngozi. Kilikuwa na waganga wake na aibu zake, kilifichwa nyuma ya nyumba. Walichokuwa wakihesabu wazungu wa DDT na walichokuwa wakificha wenye watoto vilikuwa vitabu viwili tofauti.

Mwaka ule ule wa kaa, 1950, ng'ambo ya pili ya Ziwa Victoria, Raper na Ladkin walichapisha maelezo ya watoto wa kandokando ya msitu wa Mabira, karibu na Jinja, waliokuwa wakikua vizuri kwa miaka michache halafu wakaacha. Wengine walibaki wafupi kama wa umri wa nusu yao, hawabalehe, na baadhi yao walikuwa na kifafa. Wenyeji waliita hali hiyo Nakalanga, jina la pepo. Ukanda huo ulikuwa wa usubi. Uhusiano ukaonekana, ukaandikwa, ukawekwa kabatini.

Kisha Mahenge. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari kijana kutoka Norway, Louise Aall, alijikuta katika milima hiyo ya Tanganyika kati ya Wapogoro, na akashangaa wingi wa kifafa. Alikuta wagonjwa wakiishi kandokando ya watu, wakila peke yao. Iliaminika kwamba mate ya mwenye kifafa huambukiza, kwa hiyo aliyeanguka motoni hakuna aliyethubutu kumvuta, na makovu ya moto yalikuwa kama alama ya ugonjwa wenyewe. Aall alifungua kliniki na kuanza kugawa fenobabitoni. Watu wakamwita Mama Doctor. Mwaka 1965 alichapisha maelezo ya wagonjwa wake, na ndani yake mlikuwa na jambo moja dogo: watoto wengine, kabla ya kuanguka kwa kifafa kamili, huanza kwa kuinamisha kichwa mara kwa mara kama mtu anayepigwa na usingizi. Wazazi walisema amesinzia kichwa. Waliozaliwa katika lugha hii wanasikia jinsi maneno hayo yalivyo mapole kwa jambo zito hivyo. Mtoto hakusinzia. Kila kuinama kulikuwa ni ubongo kukatika umeme kwa nukta moja.

Nafungua mabano hapa, kwa sababu kichwa kinachoinama kina historia nyingine. Mwaka 1841 tabibu wa Tonbridge huko Uingereza, William James West, aliandikia jarida la The Lancet barua kuhusu mwanawe mwenyewe, mtoto wa karibu mwaka mmoja, ambaye kichwa chake kilikuwa kikiinama mbele kwa mafungu, mara kumi, mara ishirini, halafu kinatulia, na kila siku akizidi kupoteza aliyokuwa ameyajua. Daktari mkubwa wa London aliyemwendea kwa ushauri alikuwa ameshaona watoto wachache wa namna hiyo na aliuita mtukutiko wa salaam, kwa kuwa mtoto huinama kama anayemsalimia mkubwa. Neno letu la salamu likaingia kwenye kitabu cha kifafa cha Uingereza. Ugonjwa wa mtoto wa West si ule wa Mahenge: huo huanza mtoto akiwa hajafikisha mwaka, huu wa kusinzia huanza kati ya miaka 3 na 18. Lakini ni katika ule wa West ndipo kinga ya mwili ilipoingilia hadithi kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1958 madaktari wawili wa Ubelgiji, Sorel na Dusaucy-Bauloye, waliripoti kwamba homoni iitwayo ACTH, ambayo huamsha tezi za juu ya figo na kuishusha kinga, hutuliza salaam hizo kwa watoto wengi, na mchoro wa umeme wa ubongo hurudi kwenye utaratibu. Kwa nini? Majibu ni mengi na hakuna lililotosha. Lakini jambo lilikuwa limesemwa: dawa ya kutuliza askari ilituliza pia kifafa.

Mwaka 1977 Ufaransa Péchadre na wenzake waliwapa watoto sindano za kingamwili, yaani silaha za askari wa kinga, zilizochukuliwa kwenye damu ya watu wengine, kwa ajili ya mafua na vifua vilivyokuwa vikirudi kila mara. Watoto hao walikuwa pia na kifafa. Vifua vikapona, na kifafa nacho kikapungua. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani waliwachanja sungura kwa protini moja ya kwenye ubongo, sungura wakatengeneza kingamwili dhidi yake, na baadhi ya sungura hao wakaanza kuanguka kifafa. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza watu wengi kukubali kwamba askari aliyekosea anaweza kuuangusha ubongo mzima. Nafunga mabano.

Miaka michache baadaye kaskazini mwa Uganda, kwa Waacholi, ndugu wa mbali wa Wajaluo wa Oyugis kwa lugha na kwa historia, vita vya Lord's Resistance Army vilikuwa vimewakusanya watu kambini. Kambi nyingi zilikuwa karibu na mito, na mito ya Aswa na Pager ilikuwa na usubi. Dawa ya mnyoo haikuwa ikigawiwa ipasavyo mahali ambapo hata chakula kilifika kwa msafara wa wanajeshi. Watoto wa Kitgum, Pader na Lamwo wakaanza kuinamisha vichwa. Wakiona chakula huinama. Baridi ikiwapiga huinama. Waacholi waliita hali hiyo luc luc. Baada ya muda mtoto huanguka, huacha shule, hukonda, na kufungwa kamba kwenye mti asitangetange ilikuwa ni njia ya mzazi aliyelazimika kwenda shambani. Wengi waliwalaumu wazazi hao kwa haraka mno. Mwaka 2009 wataalamu wa Marekani wa kituo cha CDC walikuja kuchunguza pamoja na wizara ya afya ya Uganda, na mwaka 2012 serikali ikafungua vituo vya tiba vya watoto hao. Idadi iliyotajwa ilikuwa zaidi ya 3,000.

Kilichoonekana kila mahali, Mahenge, Acholi, na Maridi kule Sudan Kusini ambako uchunguzi wa mwaka 2018 ulikuta kifafa kwa asilimia 4.4 ya watu, ni mnyoo yule yule. Tatizo ni kwamba mnyoo haonekani kwenye ubongo. Maji ya uti wa mgongo yakichotwa, vijimnyoo havionekani, au vinaonekana kwa nadra. Mwizi hajaingia nyumbani, lakini nyumba imeungua.

Ndipo swali la askari likarudi. Februari 2017 Tory Johnson na Avindra Nath wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, pamoja na wenzao, walichapisha walichokipata katika damu ya watoto wenye kusinzia kichwa. Walikuta kingamwili dhidi ya protini iitwayo leiomodini-1, iliyomo ndani ya seli za ubongo, tena katika sehemu zinazohusika na kumbukumbu na mwendo. Protini hiyo inafanana na tropomiosini, protini iliyomo ndani ya mnyoo wa usubi. Askari aliyefundishwa kumjua mnyoo kwa sura humkuta ndugu wa sura hiyo ndani ya ubongo. Walipomwaga damu ya wagonjwa juu ya seli za ubongo kwenye vyombo vya maabara, seli zilikufa. Walipoondoa kingamwili hizo kwanza, madhara yalipungua.

Ningependa hadithi iishie hapo, kwa kuwa ingetosheleza. Haiishii hapo. Katika uchunguzi huo huo kingamwili zilikutwa kwa wagonjwa 29 kati ya 55, na pia kwa majirani wazima 17 kati ya 55. Mtoto mmoja anazo na anacheza mpira, jirani yake anazo na ameanguka motoni. Watafiti wengine waliofuata hawakuziona kwa uwiano huo. Mwaka 2018 wataalamu waliopasua ubongo wa waliofariki Uganda walikuta protini ya tau imejikunjakunja kama ile ya wazee waliosahau, na wengine wakadai hicho ndicho chanzo. Robert Idro wa Makerere na wenzake walijaribu kuua mnyoo kwa doksisaiklini ili kingamwili zipungue. Kingamwili hazikupungua, ingawa watoto waliomeza dawa walilazwa na kufariki kwa kifafa wachache zaidi. Mimi, nilipoulizwa na rafiki mmoja daktari, nilimwambia naamini kinga imo kwenye kesi hii, lakini haimo peke yake kizimbani.

Ushahidi mzito zaidi haukutoka maabara. Ulitoka Kamerun, bonde la Mbam, ambako watoto walipimwa vijimnyoo ngozini kati ya mwaka 1991 na 1993, na Chesnais na wenzake wakarudi mwaka 2017 kuwatafuta wakiwa watu wazima. Kadiri mtoto alivyokuwa na vijimnyoo vingi ngozini, ndivyo alivyokuwa na uwezekano mkubwa wa kupata kifafa baadaye. Ulitoka pia Acholi yenyewe: kuanzia mwaka 2012 dawa ya mnyoo ikagawiwa mara mbili kwa mwaka, na mito ikatiwa dawa ya kuua mabuu, na watoto wapya wa kusinzia wakapungua hata wakakoma kuripotiwa.

Yaani walifanya kilichofanywa Kodera mwaka 1946, isipokuwa hawakutumia DDT, waliongeza dawa ya mnyoo, na safari hii waliwahesabu watoto.

Sasa fikiria jinsi mambo yalivyopangika. Mtoto aliyezaliwa Kasipul, upande wa Oyugis, mwaka 1950 aliepuka mnyoo wa usubi kwa sababu watu wawili walimwaga dawa majini bila kujua mabuu yako wapi, kwa ajili ya macho. Dada yake wa mbali aliyezaliwa Pader mwaka 1995 hakuepuka. Wote wawili wana mito ya namna moja, lugha za ukoo mmoja, majina yanayofanana. Hakuna aliyewahi kumwandika yule wa Kasipul kwenye orodha ya waliookolewa na kifafa.

Lakini Oyugis haikuachwa salama kabisa, maana mbu alibaki. Ukanda wa ziwa ndio wenye malaria kuliko sehemu nyingine zote za Kenya. Pwani huko Kilifi, ambako Charles Newton na wenzake wa taasisi ya utafiti wa tiba ya KEMRI walifuatilia watoto waliougua malaria kali, ripoti ya mwaka 2004 ilionyesha kifafa kwa asilimia 9.2 ya waliopata malaria ya ubongo, na asilimia 11.5 ya waliopata malaria yenye degedege kali, ilhali kwa watoto wasiougua hivyo ni asilimia 2.2. Degedege ni neno la Waswahili lenye ndege ndani yake, ndege wa usiku anayepita juu ya nyumba na kumshtua mtoto. Mwaka 2005 kundi hilo hilo lilipima damu ya watoto na kukuta kingamwili dhidi ya vijilango vinavyopitisha kalsiamu kwenye seli za neva, nyingi zaidi kwa walioumwa vikali. Hapa mnyoo hapana, nzi hapana, ila sura ya jambo ni ile ile: adui anakuja, askari wanaamka, na baadaye askari wanapatikana wakizunguka nyumba isiyo ya adui.

Hili humweka daktari wa Oyugis mahali pagumu ambapo Sorel hakuwahi kusimama. Mtoto mchanga huja duniani na kingamwili alizopewa na mama yake kupitia kondo la nyuma, na hizo humlinda miezi ya kwanza, kisha hupungua. Ni katika dirisha hilo hilo, kati ya miezi 3 na 12, ndipo salaam za West huanza. Mama humleta mtoto anayeinama kila anapoamka usingizini, na miongoni mwa dawa zinazojulikana kumsaidia ni zile zile zinazoshusha kinga: ACTH, ambayo ni nadra na ghali, au prednisoloni ya vidonge. Kumpa mtoto dawa hiyo mahali penye malaria, kifua kikuu na Ukimwi ni kumvua ngao katikati ya uwanja wa mapambano. Basi hupimwa malaria kwanza, huulizwa nani nyumbani anakohoa, hupimwa virusi vya Ukimwi, na chanjo zilizo hai husubiri. Kuchelewa nako kuna bei yake, kwa kuwa kila wiki ya kuinama humnyang'anya mtoto kitu alichokuwa amejifunza. Si kitu cha kumlaumu mama kwamba alifikiri mtoto anaota, au anasalimia. Tangu Septemba 2019, chanjo ya kwanza ya malaria ilipozinduliwa nchini Kenya, huko Ndhiwa katika kaunti moja na Oyugis, ngao moja imeongezeka.

Kaa nao bado wana kazi. Katika misitu ya magharibi mwa Uganda, ambako usubi wa neavei alikuwa akiishi hadi juzi, wataalamu hupeleka mitego yenye vipande vya nyama kwenye vijito na kusubiri. Kaa akiingia, humshika kwa uangalifu kwenye magamba ya pembeni ili asiume, humgeuza, hukagua mgongo, tumbo, na viungo vya miguu kwa kioo cha kukuza. Wakikuta buu hata moja, mto hutiwa dawa tena. Wasipokuta, humwandika kaa kwenye daftari, huinamia maji, na kumwachia.